Hesabu ya Sokoni na Hesabu ya Ubaoni

Watu wengi hudhani kwamba somo la hesabu halina utamaduni. Ngoma, husema, ina wenyewe. Mashairi yana wenyewe. Mavazi na vyakula vina wenyewe. Lakini mbili na mbili ni nne Mkuu Rombo, na ni nne hiyo hiyo Unguja, Cairo na London. Kauli hiyo ni ya kweli, ila ni kweli iliyokatwa nusu. Jibu halina kabila, bali njia ya kulifikia jibu inalo. Mtoto hawezi kuhesabu pasipo maneno, hawezi kupima pasipo kipimo, wala hawezi kugawanya pasipo kitu cha kugawanywa na watu wa kugawiwa. Na maneno hayo, vipimo hivyo na watu hao huwa ni wa mahali fulani na wa wakati fulani. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi watoto wa miteremko ya Kilimanjaro walivyofundishwa hesabu tangu shule za kwanza zilipofunguliwa, nani alifunguliwa mlango na nani aliachwa uani.

Atakaye kuona hesabu ikiwa hai na aende sokoni Mkuu siku ya gulio. Atamkuta mama ameketi nyuma ya mafungu ya nyanya, chana za ndizi na gunia la maharage. Mnunuzi ataka sado moja na nusu ya maharage na mafungu matatu ya nyanya, atoa noti ya shilingi elfu kumi, na chenji yamrudia kabla hajafunga mfuko wake. Mama huyo huyo akienda Tarakea, karibu na mpaka, hupokea shilingi za Kenya na kurudisha za Tanzania, akizidisha na kugawanya kichwani kwa kiwango ambacho huenda kimebadilika asubuhi ile ile. Lakini mwulize alisoma hadi darasa la ngapi, na si ajabu akakujibu kwamba shule ilimshinda kwa sababu hesabu hazikumwingia kabisa.

Ni nani basi aliyemwambia mama huyu kwamba hajui hesabu? Swali hili lataka jibu la kihistoria, na historia yenyewe yaanzia nyuma ya shule.

Tuanze na majina ya namba. Kiswahili cha leo husema sita, saba na tisa, maneno tuliyoyapokea kutoka katika Kiarabu, lakini Kiswahili cha kale kilikuwa na mtandatu, mfungate na kenda. Mfungate haukufa: bado twasema fungate kwa siku zile za arusi, ambazo kwa desturi zilikuwa saba. Kichagga, kwa lahaja zake mbalimbali, kimetunza majina ya jamaa hiyo hiyo. Huku mlimani utasikia mfungare kwa saba na kenda kwa tisa. Wataalamu wa lugha za Kibantu husikia ndani ya mtandatu mlio wa tatu na tatu, na ndani ya nane mlio wa nne na nne. Bibi aliyehesabu mayai kwa majina hayo alikuwa akijumlisha kila alipofumbua kinywa.

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mahali ambapo Kiswahili husema ishirini na thelathini, lugha nyingi za Kibantu, Kichagga kikiwa mojawapo, husema makumi mawili na makumi matatu. Mtoto asikiaye makumi mawili na matano amekwisha kuonyeshwa kwamba tarakimu ya 2 katika 25 si mbili ya kawaida, bali ni mafungu mawili ya kumi. Neno ishirini halimwonyeshi kitu. Ni lazima alikariri kama jina la mtu. Ndiyo maana walimu wetu hodari, hata wasiokuwa Wachagga, hufundisha kwa makumi na mamoja, na hufunga vijiti kumi kumi kwa uzi wa mgomba kabla ya kugusa ubao. Wanarudi, pengine bila kujua, kwenye hesabu ya babu zao.

Wazee walikuwa pia na namna zao za kuandika pasipo kalamu. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi kwa miaka mingi miongoni mwa Wachagga wa Old Moshi, alieleza habari za mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama, ambayo mkufunzi aliipitia alama kwa alama alipowafunza vijana. Aidha maji ya mfongo yaligawanywa kwa zamu, kila mwenye kihamba akijua sehemu yake ya siku. Kugawa mchana mmoja kwa watu watano wenye mashamba yasiyolingana, na wote waondoke wameridhika, ni hesabu ngumu kuliko nyingi zilizomo katika vitabu vya darasa la saba.

Fedha nazo zilikuja na hesabu yake. Rupia iliyotolewa na kampuni ya Kijerumani tangu mwaka 1890 iligawanywa kwa pesa 64. Kijana wa leo ataona 64 ni namba ya ajabu. Si ya ajabu hata kidogo kwa mtu agawanyaye kwa mikono, kwani hukatwa nusu ikawa 32, kisha 16, 8, 4, 2 na 1. Mara sita, pasipo kubakiza kitu. Nusu, robo na thumuni ndizo sehemu ambazo mkono wa mwuzaji huzijua, na katika 64 zote ni namba kamili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Na mimi niliyezoea kutunga, hunijia kila mara kwamba ubeti wa mishororo minne yenye mizani kumi na sita kila mmoja una mizani 64 barabara. Wala si bure kwamba neno mizani twalitumia kwa kupima kahawa na kwa kupima shairi. Yote mawili humfichua mtu aliyepunja. (Mwalimu aliyechoshwa na majedwali ya kuzidisha na ajaribu siku moja kuwapa watoto ubeti, wapige makofi kwa kila silabi, na wamweleze wenyewe kwa nini nane mara mbili mara nne ni sawa na kumi na sita mara nne.)

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliamuru rupia iwe na heller 100. Mia ni namba tamu kwa karani mwenye daftari, lakini hukatwa nusu mara mbili tu, 50 na 25, kisha huvunjika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Watu wakaiita senti hamsini sumni, jina linalotokana na thumuni, yaani moja ya nane, ingawa hamsini si moja ya nane ya mia. Hesabu ya kale ilikuwa imehama nyumba ikabaki na jina lake. Basi mtu aliyezaliwa mlimani mwaka 1895 alilazimika kujifunza upya hesabu za fedha zaidi ya mara moja kabla hajatimiza miaka thelathini, na kila mara aliyechelewa kujifunza ndiye aliyepunjwa. Vipimo navyo vilifuata mkondo huo: kibaba, na pishi yenye vibaba vinne, ratili na frasila, na hatimaye, mwishoni mwa miaka ya 1960, kilo na mita. Methali yetu ya haba na haba yatunza kibaba hadi leo, lakini ni wanafunzi wangapi wanaoweza kukuambia kibaba ni nini?

Shule zilifika mapema huku kuliko sehemu nyingine nyingi za bara. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho mwaka 1893, na mwaka huo huo wa 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame. Dini ilikuwa ya kwanza, kisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hesabu iliyofundishwa ilikuwa ya kukariri, na kwa muda mrefu watu hawakuona faida yake kubwa. Kilichoibadili hali hiyo ni kahawa.

Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, Kilimanjaro Native Planters' Association, na mwaka 1933 kikaanza KNCU pamoja na vyama vya msingi vilivyokuwa chini yake. Tangu hapo kila msimu mkulima alisimama mbele ya mizani. Kahawa yake ilipimwa kwa ratili, ikaandikwa daraja, yakafuata malipo ya kwanza, makato, na baadaye malipo ya pili kwa kadiri ya mauzo. Hayo yote ni kuzidisha, kutoa na sehemu za mia. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku mlimani methali hiyo ilipata mwili. Aliyejua hesabu akawa karani, mjumbe, mwenyekiti. Asiyejua akaweka dole gumba mahali alipoonyeshwa. Makarani wengi walikuwa waaminifu, na ushirika wa Kilimanjaro uliheshimiwa kote Afrika, lakini haki ya mtu isitegemee uaminifu wa mtu mwingine peke yake. Viongozi wa ushirika waliliona hilo, na Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa Moshi mwaka 1963, uwekaji wa hesabu ulikuwa kiini cha mafunzo yake.

Lakini hapa yafaa tuseme jambo ambalo mara nyingi hupitwa kimya kimya. Kahawa ilikuwa mali ya wanaume, na daftari la chama liliandikwa majina ya wanaume. Ndizi na soko vilikuwa vya wanawake. Magulio ya Uchagga yaliendeshwa na akina mama tangu kabla ya Mjerumani, na hesabu yao ilikuwa ya kila siku, ya haraka, isiyovumilia kosa. Shule ilipokuja kufundisha hesabu, iliifundisha ya mizani ya kahawa na ya ofisi, ikawaelekezea wavulana; msichana aliyebahatika kuingia shule alipewa zaidi kushona na kupika. Hivyo jamii iliyokuwa na wanawake hodari wa hesabu ikafundishwa kuamini kwamba hesabu ni kazi ya wanaume. Katika vitabu vya zamani Juma alinunua, Ali aliuza, na Asha aliteka maji. Hakuna aliyekusudia ubaya, naamini. Lakini mtoto wa kike aliyekuwa akimsaidia mama yake kuhesabu chenji Jumamosi alifika darasani Jumatatu asijione mahali popote katika kitabu.

Haikuwa kwamba hakuna aliyeliona tatizo. Mwaka 1938 kilichapishwa London kitabu kidogo kiitwacho Arithmetic in Africa, yaani hesabu katika Afrika. Mwandishi wake, Otto Raum, alikuwa mwana wa mmisionari Johannes Raum aliyehudumu Old Moshi na kuandika sarufi ya Kichagga, na yeye mwenyewe alifanya kazi ya elimu huku Kilimanjaro. Mwaka 1940 alichapisha kitabu kikubwa zaidi juu ya malezi ya watoto wa Kichagga, akieleza michezo yao, kazi zao na jinsi walivyojifunza kutoka kwa wazazi na wenzao. Hoja yake juu ya hesabu ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: mafunzo hayatashika mizizi yasipopandwa katika utamaduni wa mtoto na katika mambo yanayomshughulisha kweli. Mwalimu ajue kwanza watoto wake wanahesabu nini nyumbani, kwa majina gani na kwa vidole vipi, ndipo aanze kufundisha. Leo, katika vyuo vikuu vya Brazil, Msumbiji na Marekani, watu wanaochunguza hisabati za mataifa mbalimbali humtaja Raum miongoni mwa watangulizi wao. Ni ajabu kidogo kwamba jina lake halijulikani sana kwa walimu wa mlima huu ambao ulimpa hoja zake.

Ushahidi kutoka mbali ulikuja kuunga mkono hoja hiyo. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walichapisha uchunguzi wao miongoni mwa Wakpelle wa Liberia, ambao watoto wao walisemekana kushindwa hesabu shuleni. Walipowaonyesha wakulima bakuli la mchele na kuwataka wakadirie ni vikombe vingapi, wakulima wasiosoma walikaribia sana, ilhali Wamarekani waliosoma walikosea kwa mbali zaidi. Basi ujinga wa hesabu si kitu alichonacho mtu kama alivyo na macho. Hutegemea nani anauliza, na anauliza kwa kipimo cha nani.

Katika Tanganyika ya mkoloni shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fedha zake na vitabu vyake. Utengano huo uliondolewa kisheria tarehe 1 Januari 1962. Lakini ndani ya shule za Waafrika kulikuwa na chujio jingine, nalo ni mtihani. Watoto wengi waliishia darasa la nne, na hesabu lilikuwa mojawapo ya masomo yaliyoamua nani avuke na nani arudi shambani. Somo linapokuwa chujio, mwalimu naye hubadilika; huwafundisha wale ambao tayari wanaelekea kuvuka, na wengine huwaacha wakae kimya mpaka muda wao uishe.

Mwalimu Nyerere aliishambulia desturi hiyo Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Alisema, kwa ufupi, kwamba elimu ya msingi isiwe ngazi ya kuwapandisha wachache, bali iwe elimu iliyokamilika kwa wale wote ambao hawataendelea, ambao ndio wengi. Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Kwa somo la hesabu hayo yalikuwa mapinduzi makubwa kuliko kitabu chochote kipya. Mtoto wa Rombo, wa Ukerewe na wa Masasi wote walianza kusikia maswali kwa lugha ambayo waliisikia pia sokoni na redioni.

Ilibidi maneno yapatikane, na hapa lugha yetu ilionyesha uhodari wake. Namba zinazogawanyika kwa mbili ziliitwa shufwa, na zisizogawanyika witiri, maneno ambayo Mwislamu yeyote anayajua kutoka katika sala zake za usiku. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe iliitwa tasa, kwa kuwa haizai. Tukapata kipeo na kipeuo, pembetatu na mstatili, mlinganyo na asilimia, na kigawe kidogo cha shirika. Wapo waliocheka, wakasema haya si maneno ya watu. Binafsi naona neno tasa lina picha ndani yake, na mtoto akilisikia mara moja halitamtoka. Hata neno kutoa lina hekima: lugha yetu hutumia neno moja kwa kupunguza namba na kwa kumpa mwenzio, na mwalimu mwerevu huweza kuanzia hapo.

Watu wazima hawakusahauliwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya chache, Kilimanjaro ikiwa mojawapo, zitangulie kufuta ujinga. Katika hesabu ya watu ya 1967 wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 69 ya watu wazima; upimaji wa mwaka 1975 ulionyesha asilimia 39, na wa 1986 ulionyesha chini ya asilimia 10. Kilichonipendeza zaidi katika kampeni ile ni maana iliyopewa kisomo. Mtu hakuhesabiwa amefuzu mpaka aweze pia kufanya hesabu nyepesi za maisha yake, na vitabu vilizungumza juu ya pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji, si juu ya treni mbili zinazokutana njiani. Ilikuwa ndiyo hoja ile ile ya mwaka 1938, safari hii ikitekelezwa na taifa zima.

Zile zilizoitwa hisabati mpya, zilizoanza kuandikwa katika mikutano ya Entebbe tangu mwaka 1962 kwa msaada wa Wamarekani, sitazisemea sana. Zilileta seti na ishara zake kwa Kiingereza kwa watoto ambao hawakuwa wameimudu lugha hiyo, na walimu hawakupata muda wa kutosha kujiandaa. Kenya iliziacha kwa amri ya mwaka 1981. Kosa halikuwa katika seti. Kila mtoto aliyechambua maharage na mahindi anajua seti ni nini.

Novemba 1977 ulianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotokana na Azimio la Musoma la 1974. Mimi ni mtoto wa mpango huo. Walimu walikuwa haba, na wengi wa waliotufundisha walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Imekuwa desturi kuwabeza. Lakini darasani kwetu, mahali pasipokuwa na vitabu, kijana mmoja wa namna hiyo alitutuma kuokota visoda, akatupanga wawili wawili, aliyeelewa na asiyeelewa, na hakuna aliyeruhusiwa kunyoosha kidole mpaka mwenzake naye aweze kueleza. Sijui aliipata wapi njia hiyo. Nadhani ilikuwa ni njia ya kulima shamba kwa kusaidiana, akaileta darasani kwa sababu hakuwa na nyingine. Tulikuwa wengi kuliko madawati, na mwisho wa mwaka sikumbuki aliyekuwa bado akihesabia vidole.

Wingi huo ulirudi. Karo ilipoondolewa chini ya mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002, na tena elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yalifurika. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliobadilishwa mwaka 2015 uliweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na hilo ni jema. Lakini mwalimu mwenye watoto mia moja mbele yake hujaribiwa kuuliza wale watano wa mbele, ambao hujibu upesi, na kusonga mbele. Hapo ndipo usawa hupimwa. Kumpa kila mtoto swali moja kwa dakika moja si usawa, kama vile kumwagilia mgomba na mchicha kwa kata moja si usawa. Mwenye kuchelewa apewe visoda. Mwenye haraka aulizwe kwa nini. Msichana aitwe ubaoni aeleze, asiitwe kufuta ubao. Na mtoto aliyekosea aulizwe alifikiri nini kabla ya kuambiwa amekosa, kwani mara nyingi kosa lake lina sababu nzuri. Mtoto aliyeandika 205 kwa ishirini na tano hakuropoka: ameandika ishirini, kisha akaandika tano, kama alivyosikia.

Habari ya Erasto Mpemba yatosha kuonyesha gharama ya kumcheka mtoto. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda jokofuni kabla ya ule uliopoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye mwalimu mwingine aliiita hiyo fizikia ya Mpemba, na tangu hapo kila alipokosea hesabu darasani aliambiwa kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Siku moja alimwuliza mgeni, Dakta Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Wenzake walicheka, mgeni alikwenda kupima. Makala yao wawili ilichapishwa Uingereza mwaka 1969, wakati Mpemba akisoma chuoni Mweka, hapa mlimani, na wataalamu wa dunia wangali wakibishana juu ya jambo aliloliona.

Mjini Moshi iko shule ya Mwereni, ambamo watoto wasioona husoma pamoja na wanaoona. Mtoto asiyeona haoni ubao. Hesabu yake iko katika ncha za vidole, katika nukta nundu na katika shanga za abakasi azisukumazo moja moja. Walimu wa watoto wa namna hii hulazimika kusema kwa maneno kila wanachokiandika, na kugusisha kila wanachokitaja. Maelezo ya namna hiyo huwafaa pia wenye macho, ambao mara nyingi hutazama ubao pasipo kuuona.

Limebaki lango moja ambalo bado ni jembamba. Mtoto anayemaliza shule ya msingi akijua kipeuo, shufwa na kigawe kidogo cha shirika, aingiapo kidato cha kwanza katika shule ya serikali hukuta maneno yote hayo yamefungiwa, na mengine ya Kiingereza yamewekwa mahali pake. Anayajua mambo, hayajui majina. Kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wanaoshindwa Hisabati wamekuwa wengi kuliko wanaofaulu, na ingawa lugha si sababu pekee, ni upofu kutoihesabu. Serikali ilianzisha masomo ya kuwavusha wanafunzi katika lugha mwanzoni mwa kidato cha kwanza. Baadhi ya walimu wa Hisabati wameongeza njia zao wenyewe. Nimeonyeshwa huku Rombo daftari la mwanafunzi lenye kurasa zilizopigwa mistari, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia, na mwalimu wake huwaachia wanafunzi wabishane kwa Kiswahili mpaka wapatane, ndipo waandike jibu kwa Kiingereza. Daftari hilo lilikuwa na safu ya tatu ambayo mwalimu hakuiagiza. Binti mwenyewe ameipiga kwa penseli na kuandika juu yake nyumbani. Ameijaza kwa Kichagga kuanzia moja hadi kumi, akaandika nusu na robo, akaandika na jina la zamu ya maji. Mkabala na neno tasa ameacha nafasi wazi. Anasema atamwuliza bibi yake.